Eda na Msasa

Flora alinipigia simu asubuhi nikiwa naosha vyombo. Akaniambia baba yake amefariki, na kwamba maziko yatakuwa kesho yake kijijini kwao, kule kando ya Ruvuma. Nikamjibu, "Nitakuja," nikaendelea kusugua sufuria niliyokuwa nimeishika. Ndivyo nilivyo mimi. Watu walionizoea hawanishangai tena. Kesho yake mpwa wangu alinipeleka kwa gari lake, nikakaa mkekani pamoja na wanawake wengine, tukala ugali wa muhogo na kisamvu. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kwanza kwa Kimakonde, alipoona sijibu akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe nani wake marehemu?" Nikamwambia tulikuwa majirani zamani, Mtwara mjini, Rahaleo. Flora, ambaye sasa naye ni bibi mwenye wajukuu, akadakia: "Huyu ndiye Mama Somoe. Baba alimfundisha kubandika meli." Wanawake wakanitazama. "Meli gani?" mmoja akauliza. Nikasema ya plastiki, ndogo, kama ya kuchezea. Wakaitikia kwa adabu, mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Sikuwa na jibu fupi zaidi ya lile, na jibu refu halikufaa kutolewa mkekani penye msiba wa watu. Njiani kurudi nililifikiria, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiliandika kidogo kidogo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na mume wangu Idrisa alikuwa karani wa mawakala wa forodha bandarini. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Rahaleo yenye uwani wa pamoja, nyumba ya bati, kuta zake zimeishia kimo cha mtu na nusu na juu yake pako wazi mpaka kwenye paa. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakuombea afya. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, kabati la vyombo, mkeka, na chini ya dirisha meza ambayo Idrisa alikuwa ameitandika magazeti. Juu ya magazeti ilikuwapo tagi, ile meli fupi yenye nguvu inayosukuma na kuvuta meli kubwa zinapoingia gatini. Ilikuwa ya plastiki, urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Mhandisi wa meli iliyokuja kupakia korosho alikuwa amempa Idrisa ikiwa ndani ya boksi lake, vipande vyote vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye vijiti, pamoja na gundi yake na karatasi ya michoro. Juu ya boksi ilichorwa ikiwa imekamilika: ubavu mweusi, nyumba ya nahodha nyeupe, bomba la moshi la manjano. Idrisa alikuwa ameunganisha pande mbili za ubavu, basi. Alikuwa akiifanya jioni baada ya kula, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba atakuwa nahodha wa magazeti.

Siku moja alirudi kazini analalamika kichwa. Alikunywa chai akiwa amelala ubavu. Asubuhi alishindwa kuinamisha shingo, nikampeleka hospitali, na kufikia alasiri alikuwa amekufa. Walisema homa ya uti wa mgongo. Nayaeleza haya kwa haraka kwa sababu ndivyo yalivyokwenda. Nakumbuka muuguzi alinikabidhi viatu vyake, nikavishika mkononi njia nzima, na nilipofika nyumbani nikavipanga mlangoni kama anavyovipanga mwenyewe. Baada ya hapo kitu fulani ndani yangu kilikaa kimya, na sikuweza kukipata tena. Wanawake walijaa chumbani na uwani. Nilikaa juu ya godoro nimefunikwa kanga mpaka kichwani, na kwa kuwa kuta hazifiki juu, nilisikia kila neno lililosemwa chumba cha pili, ambako walikuwa wakichambua mchele.

"Hata chozi?"

"Hata moja. Mimi nimekaa naye tangu jana."

"Labda ameshtuka tu."

"Kushtuka gani huko? Mimi alipokufa Baba Asha nilizimia mara mbili, wakanimwagia maji."

"Pengine hakumpenda, mwenzangu. Huwezi kujua vya watu."

Niliwasikiliza kama wanamzungumzia mwanamke wa Lindi ambaye sijawahi kumwona. Nilijaribu kulia ili mambo yawe sawa. Nikafumba macho nikamfikiria Idrisa kaburini. Nilichokiona ni udongo tu, udongo mwekundu, mkavu kidogo kwa juu.

Msiba ulipoanuliwa, kila mtu akaenda kwake, akabaki mama mkwe wangu, Bi Zuhura, aliyetoka Mikindani kuja kukaa nami muda wote wa eda. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali kidogo, macho yake yameanza kufifia, na Idrisa alikuwa mtoto wake wa mwisho. Eda ni kukaa. Mjane hatoki bila dharura, hajipambi, hatii wanja wala manukato, hazungumzi ovyo na wanaume wasio maharimu zake. Tulikaa. Asubuhi uji, mchana ugali na samaki wa nazi alioletewa na jamaa zake, jioni wakati mwingine ming'oko iliyochemshwa na chumvi, ile mizizi ya porini tunayoila huku kwetu, ambayo Idrisa alikuwa akiimenya kwa meno. Nilikula kila nilichowekewa. Bi Zuhura alikuwa akinitazama nikila, na najua alikuwa akijiuliza ni mke wa namna gani anayemaliza sahani. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, malori yalipita barabarani kuelekea bandarini tangu alfajiri, na vikombe kabatini vilitetemeka kila yalipopita. Huo ndio ulikuwa muziki wetu. Hatukuwa na la kuambiana. Yeye alipolia aligeukia ukuta, nami nilitazama mgongo wake ukitikisika nikifikiri kwamba inanipasa nimguse, lakini mkono haukuinuka.

Asubuhi moja alikuwa akipanga chumba. Akauliza, "Hivi vikorokoro vya marehemu nivitie kwenye boksi nivipeleke nje?"

Nikasema, "Acha, Mama."

Akashangaa, nadhani kwa sababu nilikuwa sijasema kitu tangu juzi yake. Nikaenda nikakaa kwenye kiti cha Idrisa, nikafungua karatasi ya michoro. Ningependa kuandika kwamba nilifanya kwa mapenzi, kwamba nilitaka kumalizia kazi ya mume wangu. Vijana wangependa hivyo. Mwanangu Somoe, niliyemzaa baadaye, nilipomsimulia alitaka hivyo. Ukweli ni kwamba mikono yangu haikuwa na kazi, na pale mezani palikuwa na kazi.

Nilianza vibaya. Vipande nilivinyofoa kwenye fremu kwa vidole, vikabaki na vishina vilivyochomoza. Gundi niliikamua kama dawa ya meno, ikatoka pembeni, ikavuta nyuzi kama utando wa buibui juu ya kila kitu. Dirisha la nahodha, kipande kidogo cha plastiki angavu, lilipata ukungu mweupe ambao haukufutika. Nikachukua kipande cha msasa nilichokikuta kwenye droo nikaanza kuparua ubavu pale pande mbili zilipokutana, kwa sababu palikuwa na ukingo unaoonekana. Niliparua muda mrefu. Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka juu ya ukuta wa chumba cha jirani:

"Huko nani anasugua kavu?"

Bi Zuhura akainuka kama aliyeumwa na siafu. Jirani huyo alikuwa Baba Flora, jina lake Maurisio, mtu wa asili ya Msumbiji, fundi rangi wa magari. Gereji yake ilikuwa uwanja wa nyuma chini ya turubai, na mchana alirudi chumbani kula. Tulikuwa tukisalimiana uwani kabla ya msiba, lakini sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya "shikamoo" na "marahaba".

"Baba Flora," Bi Zuhura akasema kwa ukali, uso ameuelekeza kwenye paa, "humu ndani mna mtu wa eda."

"Nisamehe, Mama. Sina ubaya. Nasikia msasa unalia, nashindwa kula. Anasugua plastiki?"

Bi Zuhura akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Plastiki," akasema.

"Basi mwambie atie maji. Plastiki ukiisugua kavu inapata joto, inanata, inaziba msasa, inabaki na mikwaruzo. Maji na sabuni kidogo. Na msasa huo mkali mno, ule wa mbao. Nitampa Flora alete mwingine laini."

Bi Zuhura akanigeukia. Nilikuwa nimeketi hatua chache tu kutoka ukutani, nimesikia kila kitu kama yeye. Lakini akasema, kwa sauti ya mtu anayefikisha ujumbe kutoka mbali: "Anasema utie maji."

Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo ilivyoendelea miezi ile yote. Baba Flora alikuwa akizungumza na Mama, Mama akizungumza nami, nami nikimjibu Mama, naye akipandisha jibu juu ya ukuta. Hapakuwa na haramu yoyote, maana mimi na mwanamume yule hatukuwa tukizungumza. Flora, ambaye wakati huo alikuwa binti wa shule, alileta msasa mweusi wa kusugulia kwa maji na wembe wa kukatia. Mchana malori yakitulia, nilikuwa nikisikia kijiko cha Baba Flora kikigonga sahani, halafu kikinyamaza, na kwa kunyamaza kule nilijua ananisikiliza.

Alikuwa na lafudhi ya Kimakonde. Rangi kwake ilikuwa "langi", na Bi Zuhura baada ya wiki chache akawa naye anasema "langi" bila kujijua. Alinifundisha kwanza kuosha vipande vyote kwa sabuni, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta yasiyoonekana na rangi haitashika. Alinifundisha kukata kipande mbali kidogo na mwili wake, kisha kumalizia kishina taratibu kwa wembe na msasa. Kuhusu gundi alikuwa na maneno mengi zaidi, kwa sababu alikuwa akiunga taa na bampa za magari zilizopasuka.

"Mwambie gundi hii siyo kama ile ya karatasi. Haigandishi. Inayeyusha. Pande zote mbili zinalainika, zinaingiana, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Ukitia nyingi unayeyusha hata pasipotakiwa. Apake nyembamba kwa ncha ya kijiti, asubiri kidogo, ashikanishe, abane kwa vibanio vya nguo, aache mpaka kesho. Asiguse."

"Anasema gundi inayeyusha," Bi Zuhura akanifikishia. "Usiguse mpaka kesho." Kisha akaongeza lake: "Wewe una haraka ya nini? Unakwenda wapi?"

Kwa madirisha aliniambia nitumie gundi nyeupe ya mbao, ambayo haitoi ukungu. Kwa nyufa alinifundisha nikate vijipande vya ile fremu iliyobaki, nivitie kwenye kifuniko cha soda pamoja na gundi, nikoroge mpaka viwe uji mzito, niujaze ufa, niuache ukauke kabisa, kisha ndipo nisugue. Harufu yake ilikuwa kali. Bi Zuhura akaingiwa na wasiwasi kwamba labda yaweza kuhesabiwa manukato, akamtuma mpwa wake akaulize kwa sheikh. Jibu lilirudi jioni: gundi si manukato, tena sheikh amesema tufungue dirisha tusije tukafa wote wawili. Bi Zuhura alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu maziko, na mara moja akajiziba mdomo kwa ukingo wa kanga.

Baba Flora alisema macho hudanganya, mshono hukaguliwa kwa ncha ya kidole ukiwa umefumba macho. Kwa kuwa macho ya Bi Zuhura hayakuwa mazuri, kazi hiyo akaichukua yeye. Nilikuwa nikimpa ubavu wa tagi, anaketi mkekani, miguu ameinyoosha, anapitisha kidole polepole kutoka mbele mpaka nyuma huku akitazama dirishani. "Hapa," alikuwa akisema. "Hapa kama kuna chawa." Nami nilikuwa nikichukua nikasugua tena kwa maji. Sasa nikifikiri, naona hatukuwahi kukaa karibu namna ile Idrisa alipokuwa hai. Lakini wakati ule sikufikiri lolote. Nilijua msasa, maji, na kidole cha Mama.

Siku moja kidole chake kikasimama upande wa nyuma, chini, karibu na mahali pa rafadha inayoisukuma meli. Kikarudi. Kikazunguka.

"Hapa pana nini?"

Nikachukua nikapeleka dirishani. Gundi ilikuwa imetoka nje ya mshono pale, na mtu alikuwa ameubana mshono kwa kidole gumba plastiki ikiwa bado laini. Mistari yote ilikuwamo, imepinda na kuzungukana, na katikati kovu dogo la kukatwa na kopo ambalo nililijua.

"Ni kidole cha Idrisa," nikasema.

Nilisema kama mtu anayesema ni maharage. Nikachovya msasa kwenye bakuli. Nilikuwa nimeshauweka juu ya alama ile aliponishika kiganja, kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Unafuta nini?"

"Kasoro, Mama. Inabidi pawe laini."

"Kasoro?" Sauti yake ikapanda mpaka kwenye bati. "Mwanangu unamwita kasoro? Wewe msichana una moyo wa namna gani? Hukulia, nikanyamaza! Unakula kama mchukuzi, nikanyamaza! Sasa unataka kumfuta hata hapa?"

"Mama, ni gundi," nikasema.

Kijiko cha ng'ambo ya ukuta kikanyamaza. Bi Zuhura akaninyang'anya ule ubavu, akaufunga ndani ya kanga, akauweka chini ya mto wake, akalala juu yake mchana kweupe.

Siku zilizofuata ndizo nilizoziona ngumu kuliko zote za mwaka ule, ngumu kuliko siku ya hospitali. Meza ilikuwa tupu. Nilikuwa nikikaa mbele yake, mikono juu ya gazeti, nikisoma habari zile zile za zamani. Hatukuzungumza. Aliweka chakula, nilikula. Mara moja nilijikuta nasugua ukingo wa meza kwa kucha, nasugua tu. Bi Zuhura aliniona. Mchana ule, Baba Flora alipoingia kula, alimwita mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuwa akifikisha ujumbe wa mtu.

"Baba Flora."

"Naam, Mama."

"Kuna mahali pana alama. Tukiiacha, langi itaifunika?"

Nadhani nyumba nzima ilikuwa inajua ni alama gani. "Hapana, Mama. Watu wanadhani langi inafunika. Langi ya kung'aa inatoa kila kitu nje. Mkwaruzo usiouona leo, ukipaka nyeusi utauona umesimama mlangoni."

"Basi hivyo ndivyo nitakavyo," Bi Zuhura akasema.

"Basi afunike hapo kwa utepe wa karatasi, asugue kuzunguka, asiingie. Na akipaka, hapo apake mara moja tu, nyepesi sana, langi isije ikajaa kwenye mistari. Na Mama, mwambie asikasirike. Yeye amesema sawa. Kwa kazi, ni kasoro. Na wewe umesema sawa."

Bi Zuhura akautoa ule ubavu chini ya mto, akauweka mbele yangu. "Umesikia," akasema. Hakunifikishia zaidi ya hapo.

Tulipaka rangi kabla ya mvua, asubuhi, kabla upepo haujaanza kuleta vumbi. Tulinyunyiza maji sakafuni kama Baba Flora alivyotuagiza. Rangi yenyewe ilikuwa ya mafuta, mabaki ya kopo la mtu aliyepaka mlango, nikaizimua kwa matone ya mafuta ya taa, maana tina ya magari ingeila plastiki. Kila mkono wa rangi ulikuwa mwembamba, na baada ya kila mmoja tuliifunika tagi kwa beseni lililoinuliwa kwa vijiti, ili ikauke bila kuingiwa na nywele wala wadudu. Tulipofunua mara ya mwisho ubavu uling'aa kama maji ya kisimani. Na kweli alama ilitoka. Bi Zuhura, ambaye hakuweza kusoma saa ya ukutani, aliiona akiwa amekaa mkekani. Akasogea, akaweka kidole chake gumba juu yake, akalia kwa sauti, bila kugeukia ukuta. Mimi nilikuwa nimesimama na brashi. Niliona unywele mmoja wa brashi umenasa karibu na nanga, nikafikiri namna ya kuutoa bila kuharibu.

Eda ilipokwisha walikuja wanawake wa pande zote mbili. Nilioga, nikavaa kanga mpya, nikatiwa udi. Wale waliochambua mchele siku ya msiba nao walikuwapo, na mmoja wao, shangazi yake Idrisa, aliiona tagi mezani, nyeupe na nyeusi na manjano, imekamilika mpaka kamba za nyuzi. Akasema bila hata kushusha sauti, "Ama kweli. Mume kafa, mke hakutoa chozi, kakaa eda anacheza na vidoli na kuzungumza na wanaume ukutani."

Nilingoja. Nilikuwa nimezoea, halikunichoma. Bi Zuhura alikuwa akigawa kahawa. Akaweka birika chini.

"Wifi," akasema, "nani alikuwa akizungumza na mwanamume ukutani?"

"Watu wanasema..."

"Nilikuwa mimi. Kila siku, wakati wa chakula cha mchana. Una swali? Na kulia, nimelia mimi kwa wote wawili. Mwanamke huyu nimekaa naye chumba hiki. Nyinyi mlikula pilau mkaondoka. Anayetaka kunieleza habari zake anieleze alikuwa wapi." Akachukua birika, akaendelea kumimina pale alipoishia.

Jioni, shemeji yangu Shomari alipokuja na gari kumchukua mama yake, wazee walikuwa wameshaamua kwamba niende nao Mikindani mpaka nitakapopata mume mwingine. Bi Zuhura aliifunga tagi ndani ya kanga ile ile, akaipakata. "Hii naenda nayo," akasema. "Yeye aende anakotaka." Shomari akamfungulia mlango wa gari.

Nilibaki Rahaleo. Kesho yake nilitoka uwani, nikazunguka nyuma mpaka kwenye turubai, nikamwona Baba Flora uso kwa uso kama mtu mpya. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa akiandaa mlango wa lori. Nikamwamkia, nikamwambia nataka kazi. Alicheka, kisha akaona kwamba sicheki. Akanipa msasa na ndoo ya maji. Watu wa mtaa walisema waliyoyasema kuhusu mjane anayesugua magari, na Mama Flora, mkewe, akawa ananiletea chakula mwenyewe pale uwanjani, anakaa karibu yangu mpaka nimalize, ili watu waone. Kabla mwaka haujaisha, daktari mmoja wa meno alileta gari lake lililogongwa taa. Alinikuta nikiing'arisha ile taa tuliyoiunga, akaiinua juani, akautafuta mshono asiuone. Akaniuliza kama ningependa kujifunza kutengeneza meno ya bandia. Nikamuuliza yanatengenezwa kwa nini. Akasema plastiki. Nikasema sawa.

Nimeifanya kazi hiyo mpaka nimestaafu. Niliolewa tena, nikazaa, nikaishi. Bi Zuhura alikuja kwangu miaka mingi baadaye, ameshikwa mkono na mjukuu, meno ya juu yote yamemtoka. Nilimchukua vipimo mwenyewe. Nilimtengenezea, nikayasugua na kuyang'arisha kwa siku nyingi kuliko ilivyohitajika, na alipokuja kuyajaribu alitoa korosho iliyokaangwa kwenye fundo la kanga, akaitafuna mbele yangu kwa sauti. Akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokatwa muda mfupi tu uliopita:

"Walidhani nilikaa Rahaleo kwa ajili ya mwanangu. Mwanangu alikuwa ameshazikwa. Nilikaa kwa sababu niliogopa nikikuacha peke yako utakufa, na wewe mwenyewe hutajua."

Nilikuwa nimemshika kidevu. Nilitafuta la kumwambia. Nilitafuta kwa kweli, nikamtazama yale macho yake yaliyokuwa meupe kabisa sasa, yakiningoja.

"Fungua tena, Mama," nikasema. "Upande wa kushoto bado yanakukwaruza."

Akafungua.